Kulishusha Gari la Baba

Gari alilotuachia baba ni pikapu iliyosimama juu kwa nyuma na chini kwa mbele, kama mtu aliyeinama kuokota kitu. Halikutoka kiwandani hivyo. Baba alikuwa akibeba maembe na ndizi kutoka Hewani na Wema kupeleka Garsen, na msimu wa maembe ulipokolea hakupenda kufanya safari mbili mahali ambapo moja ingetosha. Springi za nyuma za gari la namna ile ni mabapa marefu ya chuma yaliyolaliana, na mafundi huyaita majani. Baba alimwambia fundi aongeze majani mengine kila upande, yaliyotolewa kwenye lori lililokufa. Kuanzia hapo gari lilibeba chochote lilichopakiwa bila kuchuchumaa.

Baba alipofariki, mama aliajiri dereva. Mama alipofariki, dereva aliondoka na tairi la akiba, nami nikarudi kutoka shule ya bweni na sanduku langu. Nilikuwa kidato cha pili. Kuendesha nilikuwa najua, kwa sababu baba alihitaji mtu wa kulisogeza gari kutoka mti hadi mti wakati watu wanapakia, na kati yetu watoto mimi ndiye niliyezifikia pedali. Nyuma yangu walikuwepo mdogo wangu wa kike na kitinda mimba wetu wa kiume. Hao walipaswa kusoma. Sikumbuki kama nililifikiria sana jambo hilo. Maembe yalikuwa yameiva na gari lilikuwa uani.

Niliendesha miaka mingi kabla ya haya ninayotaka kuyaeleza. Kitinda mimba alimaliza shule akaenda Garsen kutengeneza simu. Mdogo wangu wa kike akawa mwalimu wa chekechea kijijini kwetu, karibu na Wema, na asubuhi moja ya mvua bodaboda aliyoipanda iliteleza kwenye tope upande wa Idsowe ikamwangukia. Nyonga ilivunjika. Alipasuliwa Malindi, akawekwa chuma, akarudi nyumbani na magongo mawili. Mtaalamu wa mazoezi kule hospitali alituambia bila kuzunguka kwamba kila baada ya wiki mbili aletwe anyooshwe mguu, na siku za katikati afanye mwenyewe aliyofundishwa. Akiacha, nyonga itaganda ilivyo. Atatembea kwa magongo maisha yake yote, na kukaa sakafuni na watoto, ambako ndiko kazi yake ilipo, hataweza tena.

Kwa hiyo kazi ilikuwa moja tu: kumfikisha Malindi.

Kutoka kwetu mpaka lami ni barabara ya udongo mweusi. Mvua ikinyesha inakuwa uji, na jua likiwaka inakauka pamoja na kila alama iliyoachwa juu yake, tairi za trekta, kwato za ng'ombe, mtaro wa maji. Baada ya hapo ni lami mpaka Malindi. Kwenye lami hapakuwa na neno. Taabu yote ilikuwa kwenye udongo.

Kwetu gari likimbeba mgonjwa halibebi kitu kingine. Hakuna aliyeiandika kanuni hiyo, lakini hakuna asiyeijua. Siku za kawaida nikiwasha injini asubuhi ninakuta mikungu ya ndizi imeshawekwa kando ya njia, na wenyewe wamekaa juu ya magunia, na kuwakatalia bila sababu ni utovu wa adabu utakaosemwa mpaka mavuno mengine. Siku ya mgonjwa hawaji. Wanasimama milangoni, wanasema pole, wanaliacha gari lipite likiwa tupu. Ndivyo mgonjwa anavyopewa heshima yake. Nami nilifanya zaidi. Niliteremsha hata kamba, turubai na jeki, ili gari liwe jepesi kabisa. Niliona kwamba gari jepesi ni gari la upole.

Halikuwa la upole. Lilirukaruka kama mbuzi aliyefunguliwa zizini. Kila alama ya kwato ilipanda kupitia tairi, ikapita kwenye springi kana kwamba springi hazipo, ikafika kwenye kiti. Mdogo wangu alishika mkono wa mlango kwa mikono yote miwili na kuegemea upande mmoja. Hakulia. Tulipofika hospitali, mtaalamu alilazimika kumlaza kwanza na kungoja misuli iache kutetemeka, na muda wa mazoezi ukaishia hapo.

Nilimwendesha hivyo safari kadhaa. Kisha jioni moja, tulipokuwa tumefika nyumbani na nimemshusha, alisema akiwa bado ameshikilia mlango:

"Dada, mimi kwa gari hili sirudi tena."

"Tutaenda na nini?"

"Sijui. Wewe ndiye dereva."

Nilimwambia kwamba mtaalamu alisema mguu utaganda.

"Nilikuwepo aliposema," akajibu. "Mguu wenyewe ulikuwepo."

Nilianza kufikiria gari la mwalimu mkuu wa shule yao. Siku moja, pikapu ikiwa gereji, mwalimu mkuu alimrudisha mdogo wangu kutoka Garsen kwa gari lake dogo, na mdogo wangu aliwasimulia majirani kwa muda mrefu kwamba alikunywa chai humo ndani na haikumwagika. Nilikwenda kulitazama lile gari limesimama penye kivuli cha shule. Tumbo lake lilikuwa karibu na ardhi. Mtu aliingia kwa kugeuka na kuketi, hakupanda. Gari langu, ili mdogo wangu aingie, ilibidi nimshike kiuno na kumsukuma juu, na hapo hapo maumivu yalianza kabla hata injini haijawaka. Nikaona jambo liko wazi. Magari ya chini ni laini, magari ya juu ni magumu. Langu ni la juu. Basi lishuke.

Kitinda mimba nilipompigia simu alifurahi kuliko nilivyotarajia.

"Dada, hiyo ni kitu poa sana. Huko Mombasa maboy wanashusha pikapu mpaka tumbo inabusu lami. Ukikaa ndani ni kama sofa."

"Wewe umekaa ndani?"

"Nimeona video."

"Na video ilikuambia ni kama sofa?"

"Walikuwa wanacheka, dada. Mtu akiumia hacheki."

Fundi wetu yuko Garsen, chini ya mwarobaini, na kando yake kuna kibanda ambamo watu hutafuna miraa tangu mchana wakitoa maoni juu ya kila gari linaloingia. Ni Mgiriama mrefu, na ndiye aliyeongeza yale majani ya baba. Nilimweleza ninachotaka. Akazunguka gari mara moja, akainama, akainuka.

"Mama, nitoe ya mzee peke yake, ama na ya kiwanda?"

"Toa mpaka liwe chini."

"Chini wapi?"

Nikamwonyesha kwa mkono, kwenye paja langu, mahali mdogo wangu angeweza kuketi bila kuinua mguu.

"Hiyo ni chini ya kwenda harusi," akasema. "Wewe unaenda Wema."

"Mwache, fundi," mmoja akasema kutoka kibandani. "Mama amechoka kuendesha. Anataka kutambaa kama mamba."

"Na mvua ikija?" mwingine akauliza.

"Mamba anaogopa maji?"

Wakacheka, na mimi nikawaacha wacheke. Fundi alikuwa amekwisha kuvuta jeki, lakini aliiweka chini kwanza.

"Springi inataka nafasi ya kucheza," akasema. "Nikishusha gari, ile nafasi naila. Itacheza kidogo, halafu itagonga. Nimekuambia."

"Nimesikia."

"Umesikia, sawa."

Akafanya kazi yake vizuri, kama afanyavyo siku zote. Alilegeza bolti zilizoshika ekseli, akayatoa majani ya baba, kisha akatoa mengine yaliyokuja na gari. Mbele hakuna majani, kuna fimbo mbili ndefu za chuma zinazojisokota gari likipanda na kushuka, na hizo akazilegeza mpaka pua ikashuka pia. Gari likakaa. Majani yaliyotoka yalilala chini ya mwarobaini, yana kutu pembeni na kung'aa katikati mahali yalipokuwa yakisuguana. Niliikagua kazi kwa macho, nikaridhika, nikaondoka.

Kwenye lami nilifurahi. Gari lilielea. Lilipopita tuta lilishuka polepole na kuinuka polepole. Nilipoingia kwenye udongo niliendesha kwa mwendo wa mtu anayetembea, nikitafuta pembe za njia, na nilisikia nyasi za katikati zikipiga tumbo la gari, lakini hilo halikunisumbua. Nilifika nyumbani nikiwa na hakika kwamba nimefanya jambo la maana.

Siku ya safari mdogo wangu alitoka na magongo, akafika mlangoni, akageuka, akaketi. Akaingiza mguu mmoja, akaingiza mwingine kwa mkono. Hakuna aliyemshika.

"Kumbe," akasema.

Tuliondoka tupu kama kawaida, kamba na jeki vikiwa nyumbani. Mwanzoni ilikuwa kama kwenye lami. Ile mitetemeko midogo ya kwato haikufika kwenye kiti, na nilimwona ameachia mkono wa mlango. Kisha tukafika mahali ng'ombe wa Waorma huvuka wakienda mtoni, ambapo njia imeliwa ikawa bonde fupi lenye kingo kali. Niliteremka taratibu. Mbele ikashuka, ikaendelea kushuka, na ikafika mwisho. Ulikuja mshindo mmoja, mfupi, mgumu, chuma kwa chuma. Nyuma nayo ikafuata, ekseli ikapiga chesi, fremu ya chuma inayolibeba gari, na wakati huu mshindo ulipanda moja kwa moja kwenye kiti kama nyundo iliyopigwa kutoka chini.

Mdogo wangu alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, hata siku ya bodaboda.

Nilisimama. Baada ya kupumua nilijaribu tena, polepole zaidi, kwa pembeni. Haikusaidia. Kila shimo dogo lilipita bila kusikika, na kila shimo lenye kina liligonga, na huwezi kujua lipi litagonga mpaka limegonga. Hapo ndipo nilipoelewa maneno ya fundi, lakini kuelewa kwenyewe hakukuwa na faida kwa wakati ule.

"Simama," akasema.

Nikasimama.

"Zamani lilikuwa linanitikisa. Sasa linanipiga."

"Lami si mbali."

"Na kurudi je? Kurudi ni njia nyingine?"

Tulikuwa tumekaribia lami kuliko nyumbani, lakini alilosema lilikuwa kweli, kila hatua mbele ilikuwa ya kulipiwa tena jioni. Akaniomba nimrudishe. Nikageuza gari penye uwazi, tukarudi, na siku ile mtaalamu wa Malindi alimngoja mgonjwa ambaye hakufika. Safari iliyofuata pia hakwenda.

Mambo hubadilika nyumbani kabla watu hawajasema kwamba yamebadilika. Niliona anageuka mwili mzima ili kuchukua kikombe kilicho kando yake. Niliona amehamisha birika kutoka sakafuni akaliweka juu ya meza. Watoto wa chekechea walikuja kumsalimia, wakakaa chini kwenye jamvi kama walivyozoea, naye akabaki kwenye kiti, akiwasimulia kutoka juu. Mazoezi ya nyumbani alisema anafanya. Sikumuuliza zaidi, kwa sababu kama angeniuliza mimi gari limefikia wapi, nisingekuwa na la kusema.

Gari lenyewe halikuwa na kazi tena. Nikipakia matenga machache tu ya maembe, nyuma ilikaa juu ya ekseli na kubaki hapo, na safari nzima ilikuwa kugonga. Bomba la moshi lilinaswa kwenye kisiki kilichofichwa na nyasi kavu likang'oka. Majirani, bila kusema neno, wakaanza kungojea gari jingine. Nilirudi Garsen.

"Rudisha," nikamwambia fundi.

"Yote?"

"Yote."

Alikwenda chini ya mwarobaini. Majani yalikuwepo bado, isipokuwa moja ambalo mama muuza chai aliliazima kusimamishia sufuria, na ilibidi tungoje chai iive.

"Mamba ameota miguu," wakasema kibandani.

Fundi hakunikumbusha alichoniambia. Aliniuliza tu mgonjwa anaendeleaje, nikamjibu kwamba haendi tena hospitali, akatikisa kichwa, akaingia chini ya gari.

Basi gari likawa la baba tena, nami nikarudi kwenye maembe. Msimu ulikuwa umepamba moto. Asubuhi ninatoka nimejaza, mchana ninarudi tupu. Mdogo wangu alikuwa akikaa barazani, kiti chake kikiangalia njia, kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine cha kuangalia. Siku moja, nikiwa ninaosha miguu, alisema:

"Ukirudi ninakusikia tangu kanisani."

"Gari bovu, lina kelele."

"Ukitoka sikusikii."

Nikaendelea kuosha miguu.

"Dada, sikiliza. Asubuhi ukitoka unapita hapa hapa, kwenye mashimo haya haya. Gari linapita kama mtu aliyevaa malapa. Mchana ukirudi ni kama masufuria yanaanguka. Asubuhi lina nini na mchana halina nini?"

"Asubuhi lina maembe."

"Mimi umenibeba nalo likiwa na nini?"

Jibu alikuwa nalo. Miaka yote hiyo nilikuwa nikienda na gari limejaa na kurudi nalo tupu bila kulinganisha, na nilipoanza kumbeba yeye likiwa tupu na kuona linavyotutupa, nilidhani kwamba ni mimi ndiye niliyeanza kuisikia barabara kwa ajili yake. Majani ya baba yalikuwa yamewekwa kwa ajili ya mzigo. Bila mzigo hayakuwa springi, yalikuwa mbao za chuma. Yakikandamizwa ndipo yanapinda na kunyooka, na ndipo kuna kitu kinachocheza kati ya barabara na kiti.

"Nipakie pamoja na maembe," akasema.

Niliona haya kwanza, kabla ya kuona kwamba ni jambo la busara. Kumbeba mgonjwa pamoja na mzigo, mchana, watu wakiona. Mimi ndiye mkubwa. Sisi ni watoto tusio na wazazi, na macho ya kijiji yamekuwa juu ya mikono yangu tangu siku niliyorudi na sanduku. Wakisema nimemfanya mdogo wangu mzigo, watakuwa wamesema, na litabaki.

Hata hivyo kesho yake nilipakia magunia ya mahindi yetu wenyewe, nikamwekea kreti ya soda mlangoni iwe ngazi, nikampandisha. Tulikwenda mpaka kanisani na kurudi.

"Ongeza," akasema.

Nikaongeza. Tukazunguka tena. Watu wakatoka milangoni.

"Ongeza mawili, na uyasukume mbele kidogo."

"Umekuwa fundi?"

"Nyonga yangu ndiyo fundi. Sukuma."

Mara ya tatu tukakutana na jirani yetu, mama mzee mwenye ndizi, amesimama katikati ya njia na fimbo yake, kwa hiyo nikalazimika kusimama. Yeye na mama yetu walikuwa wakilima mashamba yanayopakana mtoni.

"Wewe," akaniambia. "Huyu si mgonjwa?"

"Ni mgonjwa, mama."

"Na magunia haya?"

"Ni ya kulituliza gari."

"Kulituliza gari. Unamzungusha mwenzio juani na magunia kama mbuzi wa sokoni. Mama yako angekuwa hai..." Hakumalizia.

Mdogo wangu akatoa kichwa dirishani.

"Angekuwa hai angeuliza kwa nini gari linakwenda Garsen bila ndizi. Wiki ijayo leta mikungu yako, bibi. Mizito."

Mama mzee aliinua fimbo yake. Aliondoka njiani bila kusema kama ataleta au hataleta.

Siku ya safari hakuleta. Hakuna aliyeleta, heshima ya mgonjwa ilikuwa pale pale. Nilijaza maembe yangu, nikaongeza magunia mpaka mdogo wangu akasema basi. Penye njia ya ng'ombe nilishika usukani kama mtu anayengoja kofi. Gari lilishuka, likakaa, likainuka, likasimama sawa. Tairi zilipita kwenye kingo zile zile. Mdogo wangu alikuwa anatazama mbele na mdomo umefungwa. Tulipovuka, aliachia pumzi.

"Si chai," akasema. "Lakini linaenda."

Mtaalamu wa Malindi alimlaza na kuanza kazi papo hapo. Alisema nyonga imeanza kukaza na kwamba amechelewa, ila hajachelewa kabisa, na akamkemea, na mdogo wangu akakubali kukemewa. Maembe niliyauza pale pale Malindi.

Baada ya safari hiyo nilirudi kwa fundi mara moja zaidi. Mzigo uliotakiwa kulituliza gari ulikuwa mkubwa, na si kila wiki ningekuwa nao. Nilimwomba atoe jani moja la baba kila upande, moja tu, na mbele asiguse. Alifuta mikono.

"Mama, springi si shati la kuvua na kuvaa."

"Hii ni ya mwisho."

"Sasa umeuliza kitu cha maana. Na shoki nazo zimekufa, ndiyo maana likiruka haliachi kuruka. Nizitie mpya?"

Akazitia. Gari likashuka upana wa vidole viwili, si zaidi. Likaanza kutulia kwa mzigo wa wastani, na kwa mzigo mkubwa lilichuchumaa kidogo, jambo ambalo baba asingelipenda. Maembe nilianza kubeba kwa safari mbili. Nililipima na kuliona ni sawa.

Wiki zikaenda. Mama mzee wa ndizi alikuja asubuhi moja ya siku ya hospitali, mikungu ikibebwa nyuma yake, akaipanga mwenyewe nyuma ya gari huku akisema hakuna anayejua kupanga ndizi siku hizi. Alipomaliza alikwenda dirishani kwa mdogo wangu.

"Imekaa vizuri mgongoni kwako?"

"Sogeza mmoja kushoto, bibi."

Akausogeza. Wengine walipoona yeye ameleta, wakaleta.

Kilichobaki kilikuwa ni kurudi. Kwenda tulikuwa na mzigo, lakini jioni gari lilikuwa tupu tena, na barabara haikujua kwamba tumetoka kwenye mazoezi. Kutoka Malindi mpaka Garsen niliwabebea wenye maduka sukari na unga, na baada ya kushusha pale Garsen tukabaki watupu tena kwenye kile kipande cha udongo, ambacho ndicho kibaya kuliko vyote.

Jioni moja tulipokuwa tunatoka Garsen, kulikuwa na kina mama kando ya njia wakingoja gari la kuwafikisha nyumbani, na vikapu vyao miguuni. Waliona ni sisi, na kwa sababu ni gari la mgonjwa hawakunyoosha mikono. Mdogo wangu akanigusa nisimame.

"Mnaenda wapi?"

"Wema. Lakini nyinyi endeni tu, mwalimu. Pumzika."

"Nyinyi mna uzito gani?"

Wakatazamana.

"Uzito wa nini?"

"Wa miili. Pandeni. Si hisani, nawahitaji."

"Huyu dawa zimemlevya," mmoja akasema, lakini alikuwa ameshakanyaga tairi. Wakapanda. Mdogo wangu akageuza shingo, kisha mabega, akawatazama kupitia kioo cha nyuma jinsi walivyokaa.

"Wewe mama wa kanga nyekundu, njoo karibu na kabini. Wewe mwembamba nenda kokote."

"Mwembamba ametukanwa," akasema wa kanga nyekundu, na akajisogeza akiguna, na gari likashuka kidogo nyuma.

Nikatia gia. Tuliingia kwenye udongo jua likiwa bado lipo. Nyuma walikuwa wanazungumza juu ya mtu aliyeuza ng'ombe wa mwenzake, na walizungumza wote kwa pamoja. Niliendesha kama ninavyoendesha na maembe, si haraka, si polepole. Penye njia ya ng'ombe nilimtazama mdogo wangu nione kama ameshika mlango. Alikuwa amelala, kichwa kimeegemea kioo, mikono imeachwa mapajani.

Karibu na Wema, wa kanga nyekundu aligonga paa la kabini ashuke. Nikamshusha, nikawaomba kwa sauti ya chini waliobaki wasogee pale alipokuwa amekaa.